Viraka vya lami Mwanza: njia ipi ya kuziba mashimo inastahili pesa yako

Mwenye uwanja wa lami Mwanza, uwe wa kituo cha mafuta Buzuruga, ghala Igoma, hoteli Capri Point au shule Nyegezi, ataletewa na mafundi njia nne au tano za kuziba mashimo, na kila fundi ataapa kwamba kiraka chake haking'oki. Hapa tunazipima njia hizo kwa mambo matatu: kiraka kinahimili mvua kiasi gani, kinahitaji vifaa gani, na kinapoharibika kinaanzia wapi. Lami ya moto kwenye shimo lililokatwa kingo ndiyo inayoongoza. Kokoto za kumwagiwa lami zinaifuata kwa karibu, hasa kwenye viwanja vya lami nyepesi. Lami baridi ya mifuko ni ya dharura. Zege la saruji na kifusi hatuvipendekezi kabisa.

Haya yanahusu uwanja wako mwenyewe. Barabara ya umma iko chini ya TANROADS au TARURA, wakala wa serikali wa barabara, na hata shimo likiwa mlangoni pako, usilichimbe wala kulijaza bila idhini yao. Kamati za mitaa zinaweza hata hivyo kuitumia tathmini hii kumkagua mkandarasi aliyeletwa mtaani.

Graniti na maji

Shimo huanzia kwenye maji. Ufa mwembamba unayaingiza hadi tabaka la msingi, msingi ukilowa unalegea, kila gari linapopita maji yanarushwa juu pamoja na udongo laini, na chini panabaki uwazi. Lami ikikosa pa kuegemea inavunjika vipande. Uzito wa magari unaharakisha mambo: wahandisi hukadiria kwamba madhara yanapanda kwa kipeo cha nne cha mzigo wa ekseli, yaani ekseli ya tani 10 inaiumiza lami takriban mara 16 kuliko ekseli ya tani 5. Kwa hiyo uwanja unaoingia malori ya saruji usizibwe kwa vipimo vya uwanja wa bajaji.

Mwanza ina shida zake za ziada. Milima ya mawe ya Bugando, Igogo, Mabatini na Kitangiri haimezi maji. Mvua ikinyesha inashuka yote kwa kasi ikiwa imebeba mchanga, mchanga unajaza mitaro, na mtaro uliojaa unahamishia maji juu ya lami. Kiraka kilicho chini ya mteremko wenye mtaro ulioziba hakina maisha, hata ukitumia nyenzo ya bei gani. Zibua mtaro kwanza, ndipo umwite fundi wa lami.

Kuna pia kokoto zenyewe, na hili mafundi wengi hawalisemi. Kokoto za Mwanza, ziwe za mashine au za kugongwa kwa nyundo kando ya milima, kwa kawaida ni za graniti. Ni jiwe gumu lisilosagika ovyo, lakini lina silika nyingi, na uso wake unashikana na maji vizuri zaidi kuliko unavyoshikana na lami. Maji yakipata upenyo yanaingia kati ya jiwe na utando wa lami, utando unabanduka, na kokoto zinabaki tupu kisha zinang'oka moja moja. Ukiona kiraka kimegeuka changarawe nyeupe katikati huku pembeni lami ikiwa bado laini na nyeusi, usikubali kuambiwa kwamba lami ilikuwa chache. Kwanza shuku kubanduka.

Dawa ipo na haina gharama kubwa: chokaa iliyozimwa, kilo 1 hadi 2 kwa kila kilo 100 za kokoto. Nyunyiza kokoto maji kidogo zipate unyevu, changanya na chokaa mpaka kila jiwe lipate vumbi lake, acha zikauke, ndipo lami iingie. Vaa miwani na glavu, maana chokaa inaunguza macho. Kama kazi inatumia emalsheni, yaani lami iliyochanganywa na maji iwe ya kumiminika bila moto, dai ya aina ya kationi. Uso wa graniti una chaji hasi na emalsheni hiyo ina chaji chanya, hivyo vinavutana. Ile ya anioni inafaa zaidi mawe ya chokaa.

Kipimo chake unaweza kukifanya mwenyewe kabla ya kupokea mzigo. Chukua kiganja kimoja cha mchanganyiko uliokwisha poa, chemsha ndani ya maji kwa dakika 10 kwenye sufuria ambayo haitarudi jikoni, engua lami inayoelea, mwaga maji, kisha tandaza kokoto juu ya karatasi. Lami inatakiwa ibaki kwenye angalau asilimia 95 ya uso wa mawe. Ikiwa mawe yanaonekana wazi zaidi ya hapo, mrudishie muuzaji.

Lami ya moto

Hii ndiyo lami nzito inayochanganywa kiwandani kwa nyuzi 150 hadi 165 za Selsiasi. Ikishindiliwa ipasavyo inakuwa ngumu siku hiyo hiyo, haisogei lori linapogeuza matairi palepale, na maji hayapenyi kirahisi. Kwa stendi, vituo vya mafuta na milango ya maghala, hatuoni mshindani wake.

Udhaifu wake ni wakati. Mchanganyiko unatakiwa ufike shimoni ukiwa na nyuzi zisizopungua 130 hivi, na kushindilia kumalizike kabla haujashuka chini ya 85 au 90. Tabaka la sentimita 4 linapoa haraka sana: ukiongeza upepo wa ziwa wa alasiri, unaweza kuwa na dakika 15 tu. Lori likija bila turubai, au likisimama foleni Mkuyuni kwa saa nzima, utaletewa mabonge. Mabonge hayashindiliki. Yanaacha matundu ndani, matundu yanaingiza maji, na kiraka kinaanza kumomonyoka kwa ndani kikiwa kizuri kwa juu. Kipimajoto cha kuchomeka kwenye mzigo ni kifaa kidogo kinachomaliza ubishi wote kati yako na dereva.

Tatizo la pili ni kiasi. Kiwanda cha lami hakiwashwi kwa ajili ya kilo 300. Ama ungoje mkandarasi mwenye kazi kubwa jirani akuuzie ziada, ama mkusanye mashimo na majirani hadi mzigo ufike tani kadhaa. Ukinunua ziada, uliza imetoka kiwandani saa ngapi. Ziada ya jioni iliyopikwa asubuhi haifai hata kama ni bure.

Halafu kuna dizeli. Mafundi huipaka kwenye makoleo na sahani ya mashine ili lami isigande. Dizeli inayeyusha lami, na kila inapodondokea panabaki doa laini linalochimbika. Maji yenye sabuni yanafanya kazi hiyo hiyo bila madhara. Hili ni la kusimamia kwa macho yako, maana likishafukiwa halionekani tena.

Kokoto za kumwagiwa lami

Njia hii ya zamani inadharauliwa bila sababu. Unapanga kokoto za milimita 20 hadi 40 ndani ya shimo, unazishindilia zibanane, unamwaga lami iliyochemshwa ipenye katikati yake, unatandaza kokoto ndogo za milimita 10 hivi lami ikiwa bado ya moto, unashindilia tena, kisha unafunga na lami kidogo na vumbi la kokoto. Kwa unene wa sentimita 5 inahitaji takriban kilo 5 za lami kwa mita moja ya mraba. Vifaa vyake ni pipa, jiko, kopo lenye mdomo, makoleo na mashine ya kushindilia. Huhitaji kiwanda.

Nguvu yake inatokana na mawe yanayobanana yenyewe kwa yenyewe, lami ni gundi tu. Ndiyo maana inapatana na viwanja vya lami nyepesi, ambavyo uso wake ni sentimita 2 hivi za kokoto na lami juu ya msingi wa mawe au moramu (udongo wa changarawe). Kwenye uwanja wa namna hiyo shimo la sentimita 6 limekwisha ingia kwenye msingi, na kulijaza lote kwa lami nzito ni kupoteza pesa.

Inaharibika kwa mikono ya pupa. Lami ikizidi, jua la mchana linaitoa jasho: inapanda juu, inang'aa, inanata kwenye viatu na kuteleza mvua ikinyesha. Ikipungua, mawe ya chini yanabaki makavu na kucheza. Kokoto zenye vumbi hazishiki kabisa, kwa hiyo zioshwe siku moja kabla na zianikwe. Joto la pipa lisipite nyuzi 170 hivi. Lami inayofuka moshi mzito wa bluu inaungua, na lami iliyoungua inakuwa kavu na kupasuka mapema.

Hii pia ndiyo njia yenye hatari kubwa kwa wafanyakazi. Tone la maji likiingia kwenye pipa la moto lami inafura na kumwagika nje, kwa hiyo pipa lililolala mvuani lipashwe polepole sana. Mtu akiungua, mwagia jeraha maji baridi kwa dakika 20 au zaidi, usijaribu kubandua lami iliyoganda kwenye ngozi, mpeleke hospitali nayo ikiwa hapo hapo.

Lami baridi

Ziko mbili na watu wanazichanganya. Ya kwanza ni ya mifuko, mara nyingi ya kilo 25, iliyolainishwa kwa mafuta mepesi yanayoruka hewani taratibu. Faida yake ni kubwa kwa kipimo chake: unafungua, unamwaga, unashindilia, gari linapita, hata mwezi Aprili. Kwa shimo la kina kifupi kwenye njia ya magari madogo, tunaikubali kama ya kuvukia msimu wa mvua.

Ila mafuta yale lazima yatoke. Ukijaza sentimita 10 kwa mkupuo mmoja, ganda la juu linakauka na tumbo linabaki bichi. Lori likikata kona juu yake, kiraka kinasukumwa pembeni kama ugali uliokosa unga. Weka tabaka zisizozidi sentimita 5, kila moja ishindiliwe peke yake. Dukani, bonyeza mfuko kwa goti: wenye nyenzo hai unabonyea, uliokaa sana unakuwa tofali. Usipokee tofali kwa ahadi kwamba jua litalilainisha.

Inafaa kusema kwamba majaribio makubwa ya Strategic Highway Research Program huko Marekani, ambayo viraka vyake vilianza kuwekwa mwaka 1991, yalionyesha kuwa njia ya kumwaga na kukanyagia kwa tairi la lori, nyenzo ikiwa bora, ilidumu sawa na kiraka cha kukatwa kingo katika sehemu nyingi. Yalionyesha pia kuwa nyenzo ya bei rahisi inaongeza gharama, kwa sababu kinachokula pesa ni kurudia kazi. Fundi akikutajia matokeo hayo ili akwepe kukata kingo, muulize kwanza nyenzo yake imepita kipimo cha kuchemsha.

Lami baridi ya pili ni ya kuchanganywa hapo hapo kwa emalsheni. Hapa kosa linajirudia kila mahali: fundi ananunua K1, ambayo ni ya kuganda upesi na imetengenezwa kwa kupaka, anaichanganya na kokoto zenye vumbi, na ndani ya dakika chache anabaki na madonge meusi na mawe matupu. Mchanganyiko wenye vumbi unataka K3, inayoganda taratibu. Lowesha kokoto kwa maji ya asilimia 2 au 3 ya uzito wake, weka kilo 8 hadi 9 za emalsheni kwa kilo 100 za kokoto, changanya hadi rangi ya kahawia ienee, tandaza, ngoja igeuke nyeusi, ndipo ushindilie. Usiifanye mawingu yakiwa yametanda juu ya ziwa. Mvua ikiikuta bado ya kahawia inaiosha yote hadi mtaroni.

Zege, kifusi na mashine ya kupuliza

Zege ni gumu na lami ni nyumbufu. Zikikaa pamoja, ufa unatokea kwenye ungio na maji yanaingia palepale, kisha lami ya pembeni inavunjika na sasa una shimo linalozunguka kisiwa cha zege. Tena zege linataka siku saba au zaidi bila magari mazito. Kifusi na matofali ya kuchoma ni vibaya zaidi, kwani vinasagika kuwa tope na kuziba mtaro.

Mashine ya kupuliza husafisha shimo kwa upepo, hupaka emalsheni, halafu hurusha kokoto zilizokwisha kulowa emalsheni kwa nguvu inayozishindilia zenyewe. Matokeo yake ni mazuri, ila gharama ya mashine inaiweka kwa wenye mtandao mrefu wa barabara. Kwa uwanja mmoja haina hesabu.

Shimo lenyewe

Njia yoyote utakayochagua, kazi kubwa inafanyika kabla ya lami kufika. Gonga kwa nyundo kuzunguka shimo, panapolia uwazi pamekufa. Chora mstatili kwa chaki, sentimita 10 hadi 15 ndani ya lami iliyo hai, kisha kata kwa msumeno wa lami au grainda yenye kisu cha zege, kingo zisimame wima. Tindo inafaa kwa kazi ndogo. Ukingo wa kulala kama sahani unamaanisha kiraka kinaisha kwa unene wa milimita chache, na hapo ndipo kinapoanza kumeguka.

Chimba hadi chini pagumu. Ukikuta tope, litoe lote hata kama unafika sentimita 30. Maeneo ya udongo mweusi wa mbuga, unaovimba mvuani na kupasuka kiangazi, usitegemee utakauka na kupona. Rudishia mawe yaliyosagwa, au moramu iliyochanganywa na saruji asilimia 3 hadi 5, kwa tabaka za sentimita 10, kila moja ishindiliwe mpaka kisigino kisiache alama. Bakiza kina cha lami tu, sentimita 5 au 6.

Fagia, puliza vumbi kwa kompresa ukiwa nayo, kausha. Paka emalsheni nyembamba chini na kwenye kuta zote nne, kama nusu lita kwa mita ya mraba, bila vidimbwi, ungoje igeuke kutoka kahawia kuwa nyeusi. Kuta ndizo zinazosahaulika, na kiraka kisichoshikana na kuta kinatoka kizima kizima.

Jaza kwa koleo kuanzia pembeni, usirushe kutoka mbali, kwani mawe makubwa yanajitenga na kukusanyika kwenye ukingo. Lami isiyoshindiliwa inashuka kama robo hivi ya unene wake: kwa sentimita 5 za mwisho, tandaza sentimita 6 na kitu. Shindilia kingo kwanza, kisha uingie katikati. Mashine yenye sahani ya kilo 80 hadi 100 inatosha kwa tabaka hadi sentimita 7. Gogo la mkono ni la pembe tu. Pima kwa batani iliyonyooka. Kiraka kilichoshindiliwa kwa mashine kilingane na lami ya zamani, na kitakachomaliziwa na matairi kizidi kwa milimita 3 hadi 6. Mwisho pitisha mstari wa lami kwenye ungio wote, upana wa kiganja, unyunyizie vumbi la kokoto.

Hesabu ya kuagiza

Chukua shimo lililokwisha kukatwa la mita 1 kwa sentimita 80, kina sentimita 6. Ujazo ni mita za ujazo 0.048. Lami ya moto iliyoshindiliwa ina takriban tani 2.35 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo shimo linakula kilo 113. Mashimo kumi ya hivyo ni kilo 1,130, agiza tani 1.25 kwa ajili ya upotevu. Kwa lami baridi ya mifuko, shimo hilo hilo ni kama kilo 100, mifuko minne. Kwa kokoto za kumwagiwa, ni toroli moja iliyojaa na kilo 5 hivi za lami. Fundi anayekadiria mifuko miwili kwa shimo hilo amepanga kuacha tope chini.

Panga kazi kati ya Juni na Agosti, ukavu ukiwa wa uhakika, na mwandikiane kabla ya kuanza: njia, aina ya emalsheni, chokaa, kina, na sehemu ya malipo itakayobaki hadi mvua za Oktoba zianze. Mvua ikishanyesha mara mbili au tatu za nguvu, zungukia kila kiraka. Angalia kama maji yametuama juu yake, gonga kwa nyundo usikie kama palipo imara pamelia uwazi, na chunguza ungio kwa ncha ya kisu. Ncha ikizama, mwite fundi apitishe lami kwenye ungio huo wiki hiyo hiyo.